Ayuma Apeleka Moshi Burma

Kama hujala kunde za Ayuma wa Mbotela, basi umekula majani tu, na hata mbuzi anakula majani. Kunde zake zilikuwa laini mpaka zikaleta kesi. Kuna mzee mmoja, kibogoyo kabisa, alizila kwenye matanga ya shemeji yake, akaramba sahani, akainuka akauliza kama kuna mjane yeyote hapo anayetafuta mume. Waliokuwepo wanaapa ni kweli, na wasiokuwepo wanaapa zaidi.

Siri yake haikuwa siri, ilikuwa kazi tu. Unachukua maganda makavu ya maharagwe. Unayachoma taratibu mpaka yawe jivu jepesi, la kijivu kama nywele za bibi. Unalishindilia jivu kwenye mkebe uliotobolewa kitako, unamimina maji juu, halafu unanyamaza. Kinachodondoka chini kina rangi ya strungi, chai isiyotiwa maziwa, na Waluhya wanakiita musherekha. Kijiko kimoja kwenye kunde au mrenda, na mboga inalegea yenyewe kama mtu aliyesamehewa deni. Magadi ya dukani nayo hulainisha, lakini magadi hulainisha kama askari anavyomlainisha mshukiwa. Musherekha hubembeleza.

Mkebe wenyewe Ayuma alikuja nao kutoka Butere akiwa bibi harusi, mwembamba kama ufito, mkebe kwapani na marehemu Shiundu mbele akibeba godoro. Shiundu alikuwa kibarua wa kiwanda cha sabuni huko Industrial Area. Alipouona mkebe alicheka. "Ayuma, Nairobi hakuna jivu, kuna lami." Jumapili iliyofuata Ayuma alimpikia kunde, na Shiundu hakucheka tena mpaka alipomaliza ugali, na alipomaliza ugali aliomba mwingine.

Nyumba waliyopewa ilikuwa ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, chumba na jikoni, mlango wa kijani. Humo ndimo alimozaa watoto, humo ndimo Shiundu alimotolewa miguu ikitangulia, na humo ndimo Ayuma alimobaki. Haikuwa yake. Ilikuwa ya kanjo, na sasa kanjo ni kaunti, na mwenye kukupa mlango ndiye mwenye ufunguo wa pili. Hilo Ayuma alilijua kama alivyojua ufa ulio juu ya kitanda chake, ule unaofanana na mto Nzoia. Kitu kimoja tu duniani kilimtoa jasho: kuambiwa ahame.

Maganda ya maharagwe mjini hayaoti, lakini Ayuma alikuwa na Wanza. Wanza alikaa mlango wa bluu, mkabala na bomba la maji, na kazi yake ilikuwa kuambua maharagwe mabichi na mbaazi na kuziuza kando ya Jogoo Road. Jioni alirudi na gunia la maganda. Gunia lilisimama kwa Ayuma, na bakuli la kunde likasimama kwa Wanza. Hawakuwahi kukaa chini kupatana juu ya jambo hilo. Lilijianza tu, likaota mizizi, mpaka watoto wa ploti wakadhani gunia na bakuli ni mke na mume.

Wanza alikuwa mtu mwema, mwimbaji wa kwaya, mwenye kasoro moja ndogo. Habari haikuweza kupita mdomoni mwake na kutoka ikiwa na ukubwa uleule. Paka akizaa watatu kwa Ayuma, wakifika kwa Wanza ni saba, na mmoja ana ndevu.

Basi siku moja kaunti ikaleta mapipa. Yalikuja kwa lori, yakashushwa uwanjani, na baraza likaitishwa. Pipa la kijani la maganda, makombo na chochote kinachooza. La bluu la chupa, mikebe, karatasi na plastiki. Jeusi la yale mabaki yasiyo na rafiki. Taka zitengwe nyumbani, walisema, kabla hazijapanda lori, ili za kuoza ziende zikawe mbolea, za kutumika tena zirudi kiwandani, na Dandora ipelekewe kidogo, maana mlima wa taka wa Dandora umeshiba. Na kuanzia siku hiyo ni marufuku kuwasha jaa. Watu walipiga makofi, hasa kwa sababu mapipa yalikuwa na vifuniko, na mwanamke wa Eastlands akiona pipa lenye kifuniko anaona maji ya wiki nzima. Ilibidi watu wa kaunti warudie mara kadhaa kwamba si ya maji.

Ayuma hakuwepo. Alikuwa Makongeni akipikia waombolezaji. Alirudi jioni akamkuta Wanza mlangoni pake, kichwani ana kofia mpya na mkononi glavu za mpira, amesimama kama chifu.

"Mama Triza, umekosa baraza la maana."

"Nimekosa baraza, sijakosa chakula. Na hiyo kofia ni ya nini, umeajiriwa posta?"

"Mimi ndiye msimamizi wa mapipa ya upande huu. Nimechaguliwa."

"Nani alikuchagua?"

"Watu wote," akasema Wanza. Kweli ni kwamba watu wanne walikohoa na yeye akainuka. "Sasa sikiza. Hakuna moshi tena. Hakuna!"

"Moshi upi?"

"Moshi wowote wa taka. Ukionekana unachoma, unatolewa kwenye nyumba."

Ayuma aliweka kikapu chini. "Unatolewa namna gani?"

Hapo Wanza alipaswa kusema hajui, kwa sababu hakujua. Barazani walikuwa wametaja faini na onyo, na habari ya nyumba aliisikia nyuma kwa mtu aliyekuwa akitafuna miwa. Lakini Ayuma alimtazama kwa macho makubwa, na Wanza hakuwahi kumnyima mtu mwenye macho makubwa kama yale.

"Unaletewa mkokoteni," alisema. "Mkokoteni wa kaunti, wenye turubali. Wanagonga asubuhi, wanapakia kitanda, sufuria, kila kitu, wanafunika, wanaenda. Kufuli mlangoni."

Mkokoteni huo haukuwa umetajwa na mtu yeyote. Ulimjia Wanza palepale, akauona unafaa, na turubali akaliongeza kwa ajili ya mvua.

"Na maganda yangu?" akauliza Ayuma kwa sauti ya chini.

"Pipa la kijani, mama. Nikikupa wewe watasema napendelea jirani. Kofia hii ina macho."

Kwa hiyo gunia likaacha kusimama mlango wa kijani. Ayuma alikuwa amebakiwa na chupa moja ya musherekha, akaipunguza kwa kijiko, kisha kwa nusu kijiko, kisha kwa kuionyesha tu sufuria. Ikaisha.

Ikaisha wakati mbaya. Binti yake Triza, aliyeolewa Mowlem na dereva wa Kikamba aitwaye Maingi, alijifungua mtoto wa kike, na mtoto alikuwa na mapafu ya mhubiri wa sokoni, lakini mama yake hakutaka kula. Uji aliusukuma. Supu aliigeuzia uso. Maingi akapiga simu, sauti imekauka.

"Mama, Triza hali kitu. Anasema anataka kunde zako, zile zenyewe."

Ayuma akapika kwa magadi, akafunga sufuria kwa leso, akaenda Mowlem. Triza alikaa kitandani, akachota kidogo, akatafuna polepole, akaweka kijiko chini.

"Mama, hizi kunde ni za nani?"

"Ni zangu."

"Hapana," akasema Triza, akalala akaelekea ukutani, na kule pembeni mtoto akalia kwa njaa yake.

Mpishi aliyepikia nusu ya matanga ya Eastlands akatoka Mowlem siku hiyo na sufuria iliyojaa. Njia nzima alijisemea, heri nihame kuliko hili. Alipofika kona ya Mbotela akaona mlango wake wa kijani, akabadilisha: heri nisihame, lakini Triza ale.

Ndipo akaanza kuiba taka.

Usicheke, kuiba taka ni kazi ngumu kuliko kuiba kuku, maana kuku ukikamatwa naye watu wanaelewa. Alingoja saa ya mazoezi ya kwaya. Sauti ya Wanza iliposikika kanisani ikipanda juu kama ndege, Ayuma aliinua kifuniko cha pipa la kijani, akainama mpaka kiunoni, akachota maganda na kuyaweka ndani ya gauni lake. Alirudi nyumbani akiwa na ujauzito wa maharagwe. Kuyaanika juani hakuthubutu, kwa hiyo akayatandaza kitandani, akaweka godoro juu, akalala juu ya godoro. Joto la mwili wake liliyakausha. Kila alipogeuka kitanda kilisema shaa, kama mvua ya Butere, na inasemekana aliwahi kuota analima.

Wanza alianza kulitilia pipa wasiwasi.

"Hili pipa lina ugonjwa," alimwambia Ayuma bombani. "Nalilisha kila siku, halinenepi."

"Labda lina minyoo."

"Pipa liwe na minyoo?"

"Basi limpelekee Mungu maombi. Wewe si mwanakwaya?"

Maganda yalipokauka likabaki swali la moshi. Mbotela hapakuwa na mahali. Moshi wa maganda ya maharagwe haujifichi. Una harufu ya shamba, unatoka kwa utulivu na kusalimia kila dirisha. Ayuma alikaa akafikiri. Ukitaka kuficha jani, lipeleke msituni. Ukitaka kuficha moshi, upeleke kwa ndugu zake. Akapakia maganda guniani, akajitwika, akaenda Soko la Burma.

Burma nyama inachomwa mchana kutwa, na moshi ukiingia pale hauulizwi kitambulisho. Kulikuwa na kijana mchomaji aitwaye Gordon, ambaye Ayuma alimpikia mboga siku baba yake alipofariki.

"Niaje, mathe!" Gordon akapaza sauti, kisu mkononi. "Umeleta mbuzi kwa gunia?"

"Nimeleta kuni. Nipe hilo jiko lako la pembeni."

Gordon akachungulia guniani. "Hizi ni kuni ama ni godoro?"

"Zimekuwa godoro, sasa zinarudi kuwa kuni. Usiulize sana, utazeeka."

Akawasha. Aliyachoma kidogo kidogo, akigeuza kwa kijiti, asiruhusu moto kuruka, kama mtu anayekaanga kahawa ya wageni. Moshi ukapanda, ukachanganyika na wa mbavu na wa matumbo, ukapotea humo. Mteja mmoja tu alilalamika kwamba mbavu zake zinanuka shamba, na mwingine akaomba za namna hiyohiyo. Ayuma alianza kuimba kwa pua. Jivu lilikuwa zuri. Alikuwa amelikusanya kwenye mkebe wa unga na anataka kufunika, aliposikia sauti nyuma yake.

"Mama, habari ya mchana. Hiyo unayochoma ni nini?"

Aligeuka akaona koti la kung'aa lenye nembo ya kaunti. Ndani ya koti alikuwemo mwanamume wa makamo, mdomo unang'aa mafuta ya nyama, maana hata kaunti inakula. Jina lake Matheka, na ndiye aliyesimamia ile kazi ya mapipa. Burma nzima, yenye meza zisizo na idadi, akachagua meza ya Gordon.

"Ni kuni, baba."

"Naona kama maganda ya maharagwe."

"Ni kuni za maharagwe."

"Umeyatoa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Mdomo wa Ayuma, ambao ungeweza kusema Mowlem, ungeweza kusema Butere, ungeweza kusema mbinguni, ukasema, "Mbotela."

"Mbotela!" Matheka akasogea. "Unaitwa nani, mama?"

Hapo Ayuma akauona mkokoteni. Aliuona na turubali lake, ukisimama mlango wa kijani, kitanda cha Shiundu kikipandishwa miguu juu. Na katika hofu ile kukawa na chembe ya utundu, lazima tuseme ukweli, kwa sababu alikumbuka ile kofia.

"Wanza," alisema.

Uso wa mtu yule ukafunguka kama dirisha, maana jina lilikuwa la Kikamba kama lake. "Wanza! Wi museo, Wanza?"

Ayuma aliishi na Wanza miaka mingi lakini Kikamba chake kilikuwa neno moja, na hilo moja akalitoa lote. "Museo," akasema. Kisha, kwa kuwa mtu yule alizidi kutabasamu na kungoja, akaongeza, "Museo sana."

"Nyumba ipi, Wanza?"

"Mlango wa bluu. Mkabala na bomba."

Matheka alitaka kusema jambo, simu yake ikalia, akaisikiza akikunja uso, akaanza kuondoka. Akiwa amefika mbali akageuka akanyoosha kidole. "Kesho asubuhi nitakuja, mama! Usitoke!"

Gordon alikuwa amesimama na kisu hewani. "Mathe, tangu lini wewe ni Wanza?"

"Kata nyama," akasema Ayuma, akabeba jivu lake akaenda.

Njiani alicheka. Alicheka mpaka akasimama kushika ukuta. Alipofika nyumbani akashindilia jivu kwenye mkebe wa Butere, akamimina maji, musherekha ukaanza kudondoka, wa rangi yenyewe, na bado alikuwa anatabasamu. Ndipo mlango ukagongwa, akaingia Wanza bila kofia, na bakuli mkononi.

"Mama Triza, nimekuletea mbaazi. Nimesikia Triza bado hali. Na mimi... hii kofia inanisumbua. Hata bakuli lako silioni tena nyumbani kwangu."

Wanza alikaa kidogo akauliza habari za Mowlem, hakunusa jivu, au alinusa akanyamaza, na akaenda zake. Ayuma alitazama zile mbaazi. Zilikuwa zimeungwa nazi, na Wanza huunga nazi Krismasi tu. Ulimi uliokuwa mwepesi Burma ukawa mzito Mbotela. Alisema atamwambia baada ya kula. Baada ya kula akasema atamwambia akioga. Mwisho akajiambia kwamba labda yule mtu wa kaunti ni msahaulifu, watu wa kaunti wanasahau mengi.

Asubuhi alipika. Kunde zililegea kabla hata hazijachemka vizuri, zikatoa harufu ya Butere nzima. Akafunga sufuria kwa leso, akatoka mapema ili asiwepo. Huo ndio ukweli. Alitaka kuwa Mowlem wakati jambo lenyewe likitokea Mbotela.

Alikuwa ameshafika kwenye lango aliposikia magurudumu. Mkokoteni uliingia, unasukumwa na mwanamume mwenye nguvu, na mbele yake anatembea Matheka na koti lake. Juu ya mkokoteni palikuwa na turubali.

Ayuma alisimama na mgongo ukutani, wakampita bila kumtazama, maana mwanamke mwenye sufuria kichwani ni kitu cha kawaida. Lango lilikuwa wazi. Mowlem ilikuwa upande ule, binti yake na mjukuu wanamngojea, mguu mmoja tayari uko nje. Akasikia mlango wa bluu ukigongwa. Ngo, ngo, ngo.

Wanza alifungua na kofia kichwani, tayari kupokea wageni wa kaunti kwa heshima. Kisha akauona mkokoteni. Akaliona turubali. Wakasema baadaye kwamba rangi ilimtoka mpaka kofia ikaonekana nyeusi zaidi. Kwani yeye ndiye aliyeutengeneza mkokoteni ule, kwa mdomo wake mwenyewe, na sasa umekuja na magurudumu.

"Hapa ni kwa Wanza?" akauliza Matheka.

"Ni... ni mimi."

"Wewe? Hapana. Wanza niliyeonana naye jana ni mama mkubwa kidogo. Alikuwa anachoma maganda ya maharagwe."

"Mimi sijachoma kitu, bwana!" Wanza alishika miimo ya mlango kwa mikono miwili. "Mimi ni msimamizi wa mapipa! Mwulize mtu yeyote! Tafadhali usibebe kitanda, kitanda ni cha marehemu mama yangu!"

Milango ikafunguka ploti nzima. Ayuma aliweka sufuria chini pale langoni, akarudi.

"Mwache," alisema. "Wanza wa jana ni mimi. Mimi naitwa Ayuma. Huyu hajui kitu. Maganda niliyaiba kwenye pipa lake akiwa kwaya, nikayalalia, nikayachoma Burma, nikakupa jina lake na mlango wake. Nyumba ya kufunga ni ile ya kijani. Nakuomba tu uningoje nipeleke sufuria hii kwa binti yangu aliyejifungua, halafu upakie."

Wenye ndoo waliacha bomba likimwagika, wakasogea.

"Nipakie nini?" akauliza Matheka.

"Vitu vyangu. Kwenye mkokoteni."

"Na kufuli," akasema mama mmoja dirishani, kwa kusaidia.

Matheka alimtazama Ayuma, akamtazama Wanza, akautazama mkokoteni wake kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuuona. "Nani aliwaambia kaunti inafunga nyumba za watu kwa sababu ya maganda?"

Macho yote yalihamia taratibu mlango wa bluu. Wanza alivua kofia akaanza kujipepea nayo.

"Nilisikia hivyo," alisema. "Kwa mtu wa miwa."

Matheka alishika pembe ya turubali akalivuta. Chini yake palikuwa na magunia, mdomo wazi, yamejaa maganda ya maharagwe, makavu, ya manjano, mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaona Ayuma tangu ahamie mjini.

"Haya ndiyo yaliyonileta," akasema. "Tangu tuanze kukusanya, maganda ya soko zima yanatushinda. Yamekauka, hayaozi upesi kama zile mboga, yananasa kwenye mashine ya kusaga, upepo ukija yanaenda kwa majirani. Jana nilipomwona huyu mama akiyachoma kwa adabu vile, nikasema Mungu ametuletea mwenyewe. Nikataka kumwomba ayachukue, simu ikaniita."

"Na moshi?" akauliza Ayuma. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyeambiwa achague peremende.

"Mama, sheria inakataza kuwasha jaa. Kuwasha jiko haijakataza. Ukipikia nayo ni kuni. Na hata pipani hayakupaswa kufika. Tulisema barazani: kwanza mpunguze. Kitu ambacho jirani yako anakitaka, hicho bado hakijawa taka."

"Hilo mlisema?" akauliza Ayuma.

"Tulisema, tena mara mbili."

Ayuma akamgeukia Wanza. "Hilo halikuwa na ukubwa wa kutosha kuniletea?"

Alikaa pale pale chini, juu ya saruji, miguu imenyooka kama ya mtoto, akatoa pumzi ndefu iliyokuwa imekaa kifuani tangu siku ya mapipa. Wanza naye akateleza kando ya mwimo wa mlango mpaka akakaa, kofia mapajani. Wakatazamana. Aliyeanza kucheka hajulikani, kila mmoja anasema ni mwenzake.

"Umevaa jina langu bila hata kulifua," akasema Wanza akifuta machozi.

"Na wewe umenifungia nyumba bila kununua kufuli."

"Mwizi wa pipa!"

"Fundi wa mikokoteni!"

"Na hiyo mbaazi yangu ya nazi uliila?"

"Niliila yote. Ilinichoma kama pilipili."

"Mama Triza!" yule wa dirishani akapiga kelele. "Sufuria!"

Mbuzi wa mtaa, ambaye hana mwenyewe na hana sheria, alikuwa ameshafungua leso kwa meno na anainua mfuniko kwa pua. Msimamizi wa mapipa alikimbia na kofia yake, akamchapa nayo matakoni, na hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi ambayo kofia ile imewahi kufanya.

Wakaenda Mowlem wote wawili. Triza alikuwa bado ameelekea ukutani. Ayuma alifunua tu sufuria na kuiacha karibu na kitanda, harufu ifanye kazi yake. Mgongo wa Triza ulitulia. Kisha ukageuka. Alikula bila kuongea, akala sehemu yake, akala ya Maingi, akapangusa sufuria kwa kipande cha ugali mpaka chini ikang'aa. Kisha akamchukua mtoto, akamweka kifuani, na kile kilio cha mhubiri kikakatika katikati ya mahubiri.

"Hizi sasa ni zako," akasema Triza.

Ayuma alienda kusimama dirishani, akajifanya anatazama barabara.

"Bado hamjampa mtoto jina?" akauliza Wanza.

"Tulikuwa tunamngoja mama yangu afike kutoka Kitui," akasema Maingi. "Amefika jana jioni. Kwetu msichana wa kwanza anachukua jina la mama wa baba. Mama yangu naye ni Wanza, basi mtoto ataitwa Wanza."

Ayuma aligeuka kutoka dirishani. Mashavu yalikuwa bado yamelowa, lakini mdomo ulishaanza kutikisika. "Ni jina zuri," alisema. "Lilinikaa vizuri jana kutwa."

Siku hizi gunia limerudi mlango wa kijani na bakuli limerudi mlango wa bluu, na pipa la kijani halina minyoo tena, lina maganda ya ndizi na viazi tu, yanayooza kwa utaratibu. Wanza bado anavaa kofia. Habari ya mkokoteni anaisimulia Jogoo Road akiambua maharagwe, na unajua habari ikipita kwake inavyokua.

Juzi Ayuma alipita Burma kumpelekea Gordon bakuli la kunde, kumshukuru kwa lile jiko.

"Mathe, umesikia hii?" Gordon akamwuliza akigeuza mbavu. "Eti kuna mama Mbotela alisimama langoni na sufuria ya kunde, akarudisha malori saba ya kaunti!"

Ayuma alitafakari kidogo, kama mtu anayekumbuka vizuri.

"Nimesikia," akasema. "Lakini mimi niliambiwa yalikuwa tisa."